Jike Anayelala Kwenye Mayai: Shajara ya Mwaka Mmoja na Bata Mzinga wa Asili, Tengeru

Januari 9

Wamefika. Dume mmoja na majike watatu, ndani ya matenga mawili yaliyofungwa nyuma ya bajaji kwa kamba za katani. Nimewanunua kwa babu mmoja wa sehemu iitwayo Maji ya Chai ambaye ana koo hii tangu kabla sijaolewa. Hana cheti cha mbegu wala jina la kizungu la aina yao. Anachojua ni kwamba hajawahi kununua kifaranga: kila kizazi kimeanguliwa na mama yake, pale pale uani kwake.

Dume ni wa rangi ya shaba, jua likimpiga mgongoni anang'aa kijani na wekundu. Majike nimewapa majina kwa rangi. Shaba amefanana na dume na ndiye mkubwa kuliko wenzake. Kijivu ana rangi ya majivu ya mkaa. Doa ni mweusi mwenye madoa meupe, mdogo, na wala si mzuri wa kutazama.

Niandike na sababu ya kuanza upya, maana mwaka jana niliumia. Nilinunua vifaranga 23 wa wiki mbili waliototolewa kwa mashine, nikawachanganya banda moja na kuku wangu wa kienyeji. Ndani ya wiki saba nilishazika 19. Walikuwa wanaanza kusinzia wamesimama, mabawa yameshuka, halafu kinyesi kinakuwa cha manjano kama maji ya binzari. Mtaalamu wa mifugo wa kata alimpasua mmoja mbele yangu. Ini lilikuwa na mabaka ya duara, katikati yamebonyea, kama alama ambazo kikombe cha moto huacha mezani. Akasema ni ugonjwa wa kichwa cheusi. Kichwa chenyewe mara nyingi hakiwi cheusi, na jina hilo linawapoteza wengi.

Kimelea chake husafiri ndani ya mayai ya mnyoo mdogo anayeishi kwenye utumbo wa kuku. Kuku humbeba mnyoo huyo na kimelea chake asioneshe dalili kubwa. Anakunya, mayai ya mnyoo yanabaki udongoni kwa miaka, nyungunyungu naye anayala na kuyatunza tumboni. Bata mzinga akidonoa udongo ule au nyungunyungu yule, anaweza kufa. Kwa hiyo niliwaua mimi kwa kuwaweka na kuku, nikidhani ndege ni ndege.

Safari hii kuku hawakanyagi wanapokanyaga bata mzinga, na mayai yataatamiwa na mama.

Januari 12

Shamba letu ni eka moja na nusu: migomba, kahawa iliyozeeka, na kipande cha juu tulichokuwa tukilima viazi na maharage. Kuku wanaishi chini karibu na jiko. Kipande cha juu hawajawahi kukifikia kwa sababu ya ua wa minyaa ambao marehemu baba mkwe aliupanda. Ndipo bata mzinga watakapokaa. Nimenunua viatu vya mvua jozi ya pili kwa kazi ya huko juu tu, vinaning'inia langoni. Tope la banda la kuku likipanda na kiatu, ua wa minyaa hautakuwa na maana yoyote.

Mama mkwe aliniangalia nikivivaa, akauliza, "Mwanangu, kuku na bata wamegombana lini?" Nikamweleza habari ya mnyoo. Alinyamaza kidogo, akasema zamani kwao walikuwa wanasema bata mzinga ni ndege wa kufa ovyo, na kumbe hakuna aliyejua vilikuwa vinatoka wapi vifo vile. Tangu siku hiyo akipanda juu anavua kandambili zake langoni, anapanda peku.

Januari 30

Dawa ya minyoo kwa wote wanne. Chanjo ya kideri, yaani mdondo, pia, ile iitwayo I-2, tone moja jichoni. Nitarudia kila baada ya miezi mitatu, nimeweka alama kwenye kalenda ya ukutani.

Februari 14

Banda limekamilika: mita nne kwa tatu, mabati juu, wavu pande tatu, sakafu ya udongo uliopigwa na maranda juu yake. Fito za kulalia nimeziweka chini, usawa wa goti, na nimechagua nene zinazojaa kiganja. Dume mzito akiruka kutoka juu kila asubuhi huumia miguu, na bata mzinga akishaumia mguu hapandi tena jike.

Wao hawakujali kazi yangu hata kidogo. Siku tatu mfululizo walilala juu ya mparachichi. Ndiyo asili yao, wametokana na ndege wa mwituni wanaolala mitini, na nilisikitika kuwazuia. Lakini huku tuna fungo na paka mwitu. Jioni ya nne nikapunguza manyoya marefu ya bawa la upande mmoja kwa mkasi, wakashindwa kupaa sawasawa. Sasa wanaingia wenyewe saa kumi na mbili na nusu.

Mtoto wangu wa darasa la tatu ameuliza kama bata mzinga ni bata. Nimemwambia hapana, ni ndugu wa kuku, kware na kanga, na kwamba walifugwa kwanza Meksiko, kisha Wahispania wakawapeleka Ulaya miaka ya 1500. Akauliza, "Sasa mbona tunawaita bata?" Jibu sina.

Machi 1

Dume ameanza kazi. Anajivimbisha, anafungua mkia kama upepeo, anaburuza ncha za mabawa ardhini, na kifuani anatoa mlio mzito ambao unausikia kwa mbavu kabla ya masikio. Kichwa kinabadilika kutoka buluu kwenda nyekundu hadi karibu cheupe. Kile kinyama cha juu ya mdomo kinarefuka mpaka kinafunika mdomo wote.

Nilivyoona mgongo wa Kijivu nilishtuka. Kucha zimemchana ubavuni, ngozi inaonekana. Jike hupandwa kwa muda mrefu na dume ana uzito, kwa hiyo majike watatu kwa dume mmoja ni wachache. Angefaa kuwa na watano mpaka wanane ili mzigo ugawanyike. Nimemkata dume ncha za kucha, na majike nimewashonea vizibao vya turubai kuukuu: kipande cha mgongoni, vitanzi viwili vinapita chini ya mabawa. Doa alikivua cha kwanza. Cha pili kimekaa.

Machi 24

Kijivu ameanza kuatamia leo, mayai 11. Yai la bata mzinga ni rangi ya maziwa lenye vidoti vya kahawia, limechongoka kuliko la kuku, na lile nililolipima lina gramu 81. Alitaga karibu kila baada ya siku mbili, nami kila jioni nilikuwa nalichukua na kumwachia yai la mbao. Mayai nilikaa nayo chumba cha stoo penye ubaridi, ncha ikitazama chini. La zamani kuliko yote lilikuwa limeshapitisha wiki tatu. Hilo ni kosa, yai lisizidi siku kumi, nalo silitegemei.

Siku 28. Kwa hesabu hiyo ni Aprili 21, na Aprili ni masika. Wakati wa kutaga hakuna aliyeniuliza. Huku kwetu mchana na usiku havipishani sana mwaka mzima, kwa hiyo majike hawangoji majira ya jua refu kama wale wa Ulaya. Nilivyowaona mimi, wanataga wakishiba na wakitulia. Niliwashibisha Januari, wakataga Machi.

Machi 30

Doa naye ameketi, ila si ndani ya banda. Amejichimbia chini ya mkahawa wa mwisho karibu na ua, akajikusanyia majani makavu, na nilimgundua akiwa tayari na mayai yake 12. Nilitaka kumhamisha. Mama mkwe akaniambia, "Mwache. Aliyechagua mwenyewe hatoroki." Nimemjengea kibanda cha wavu pale pale alipo.

Aprili 3

Shaba ametaga mayai 17, mengi kuliko wote, amekalia siku mbili, ametoka. Nimemrudisha jioni, amekaa usiku, asubuhi yuko malishoni mayai yamepoa. Nitampa nafasi moja zaidi.

Aprili 9

Naandika mkono bado unawasha.

Saa kumi usiku mbwa alibweka kwa namna ambayo hajawahi. Nilitoka na tochi nikidhani ni fungo. Kumbe ni siafu. Mkondo mnene kama mkono wangu ulikuwa umetoka upande wa mto, umevuka chini ya minyaa, umeingia moja kwa moja kwenye kibanda cha Doa. Mvua za masika huwafukuza kwenye mashimo yao, kila mkulima wa huku anajua, nami sikuwa nimezungushia majivu.

Doa alikuwa bado amekaa juu ya mayai. Siafu walikuwa wamejaa kwenye kope zake, kwenye vile vinyama vya shingoni, ndani ya masikio. Alikuwa akitikisa kichwa na kukaa, akitikisa na kukaa. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi. Nasema ulikuwa wazi, maana niliuacha hivyo makusudi ili aweze kutoka kula. Angeweza kukimbia saa nzima kabla sijaamka.

Nilimnyanyua nikamkimbiza stoo, nikampa mume wangu amshike, nikarudi kuchukua mayai ndani ya upande wa kanga. Siafu hawawezi kulitoboa ganda zima. Wangetukuta siku ya kuanguliwa, vifaranga wakitoboa, kusingebaki hata mmoja. Tulikaa mpaka alfajiri tukimbandua Doa siafu mmoja mmoja kwa kucha, maana kichwa chake hubaki kimeng'ata hata ukimkata kiwiliwili. Jicho la kushoto limevimba likafunga.

Jirani alipokuja asubuhi alinishauri kwa nia njema niyaweke mayai chini ya kuku wangu mtetea anayeatamia sasa hivi. Ndivyo wengi wanavyofanya, na kuku huyaangua vizuri. Nilimshukuru, nikamwambia kuwachanganya na kuku ndiko kulikonifikisha makaburini mwaka jana.

Nikatandika nyasi ndani ya tenga pana, nikayapanga mayai 12 yaliyokuwa baridi mkononi, nikamweka Doa karibu. Alisimama kwa muda nusu saa, jicho moja. Kisha akaingia, akayageuza kwa mdomo moja baada ya jingine, akaketi.

Aprili 13

Nimeyamulika mayai ya Doa usiku kwa tochi ya simu. Tisa yana mishipa na kivuli kinachocheza. Matatu ni matupu. Sikuyatarajia tisa.

Majivu sasa yamezunguka kila kiota upana wa shubiri mbili, na kila mvua ikinyesha nayaweka upya. Pembeni nimeweka kopo la mafuta ya taa tayari.

Shaba ametoroka mayai mara ya tatu. Mayai yake tumeyala na mengine nimegawa. Ni matamu, kiini kikubwa, mazito kwenye maandazi. Lakini kila nikilivunja moja nafikiria yule ndege mzuri kuliko wote, atagaye kuliko wote, ambaye kama ningekuwa naye peke yake koo hii ingeishia kwenye kikaango changu.

Aprili 21 hadi 28

Kijivu ameangua 8 kati ya 11, kuanzia jioni ya tarehe 20. Doa ameangua wote tisa, tarehe 27, ndani ya usiku mmoja.

Hiki nataka nikieleze vizuri, kwa sababu vifaranga wa mashine mwaka jana walinichosha kwa hili kuliko kwa jingine lolote. Kifaranga wa bata mzinga hajui kula. Anaweza kusimama juu ya chakula akafa njaa siku ya nne au ya tano, pale akiba ya kiini alichoanguliwa nacho inapokwisha. Mwaka jana nilikuwa nawachovya midomo majini mmoja mmoja, nawatandazia mayai ya kuchemsha juu ya karatasi, natupia vipande vya majani mabichi wavutiwe na rangi, nagonga kwa kidole mchana kutwa.

Kijivu alidonoa ardhi mara tatu, akatoa sauti fupi laini, akaachia punje idondoke. Vifaranga wanane wakaikimbilia. Basi. Somo la nusu dakika, na yule wa mwisho aliyechelewa kukauka alifundishwa na wenzake.

Mei 9

Mvua tangu tarehe 29. Nimewafungia mama na watoto bandani siku kumi hizi, kifaranga wa bata mzinga akilowa mwili hupoa haraka na kufa, manyoya yake ya utotoni hayazuii kitu. Wawili wa Kijivu walipenya chini ya mlango siku ya mvua kubwa. Mmoja wa Doa alizama kwenye chombo cha maji, baada ya hapo nimejaza kokoto kwenye vyombo vyote, wanakunywa katikati ya mawe.

Mei 30

Mwewe amechukua mmoja wa Kijivu, mbele yangu. Doa yeye mwewe akipita hutoa sauti moja, na watoto wake wanalala chini kama wamekufa, hakuna anayetikisika mpaka aseme. Wamebaki 13: watano wa Kijivu, wanane wa Doa.

Juni 17

Chakula. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo pesa inapoishia na ndipo vifaranga wanapofia kimya kimya.

Wiki za kwanza kifaranga wa bata mzinga anahitaji protini ya karibu asilimia 28. Chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama kina kama 21 hadi 23, kwa hiyo hakitoshi. Nilikuwa naongezea dagaa waliosagwa na yai la kuchemsha. Dagaa ni wa Mwanza, wa maji baridi, si wale wa baharini waliotiwa chumvi, maana chumvi ikizidi huwaua bata mzinga wadogo. Wa Mwanza nao wana mchanga, nawapepeta kwanza kwenye ungo.

Jambo la pili ni la hatari zaidi na sikuwahi kuambiwa dukani. Baadhi ya vyakula vya kuku wa nyama hutiwa dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo, iitwayo salinomaisini. Kuku wanaivumilia. Kwa bata mzinga ni sumu, hasa aliyekua: miguu inaishiwa nguvu, anakaa, anakufa. Na dawa ya narasini vivyo hivyo. Soma karatasi iliyoshonewa kwenye mfuko, na kama haina orodha ya dawa, usinunue. Mimi sasa nachanganya mwenyewe: mahindi yaliyobarazwa, pumba, mashudu ya alizeti, soya iliyokaangwa, dagaa, unga wa mifupa, chokaa, na virutubisho vya kopo.

Cha tatu hakina gharama. Nachukua chungu kilichopasuka, nakijaza mabua ya mahindi na samadi kavu, nakinyunyizia maji, nakifudikiza juu ya njia ya mchwa jioni. Asubuhi kimejaa. Nikikifunua, watoto wa Doa wanakuja mbio mabawa yamekunjuka. Kwa majani wanapata mchicha, mlonge, na majani ya kunde. Wakubwa wanajitafutia panzi malishoni, nao wanaokoa kabichi zangu zaidi ya walivyoziharibu.

Julai 22

Baridi kali, ukungu hadi saa nne asubuhi. Chanjo ya ndui imechomwa kwenye ngozi ya bawa, kwa wote. Kifaranga mmoja wa Kijivu ana kikohozi, nimemtenga.

Agosti 2

Yule wa kikohozi amekufa. Wamebaki 12. Ini lake nimeliangalia, safi.

Agosti 25

Kideri kimeingia kitongojini. Kiangazi ndicho msimu wake. Nyumba ya tatu kutoka hapa wamepoteza kuku karibu wote kwa siku tano, shingo zimepinda, kinyesi cha kijani. Wangu, kuku kwa bata mzinga, hakuna aliyeugua.

Chupa moja ya chanjo inatosha ndege wengi kuliko nilio nao, na ikishafunguliwa haikai. Miezi yote hii nilikuwa namwaga iliyobaki. Inaniuma kuandika hivi, kwa sababu nyumba ya tatu ni mwendo wa dakika mbili. Jumamosi hii nimepita nyumba kumi na moja na daftari. Tutachanja pamoja, tarehe zile zile za kalenda yangu, kila mtu anachangia kidogo.

Septemba 20

Wiki 21. Nimewapima kwa mizani ya kuning'iniza. Madume kati ya kilo 4.5 na 5.2, majike karibu 3.

Bata mzinga mweupe wa viwandani, yule mwenye kifua kipana, dume wake kwa umri huu anaweza kupita kilo 18. Wageni wangu wakisikia hivyo hunishangaa. Huwaambia na upande wa pili: kifua kile kimekuwa kikubwa kiasi kwamba dume hawezi kumpanda jike, na kila yai lenye mbegu linatokana na mkono wa binadamu anayewapandikiza. Kule Marekani mbegu za kale zilikaribia kwisha kwa ajili ya ndege huyo. Mwaka 1997, shirika linalohifadhi mifugo adimu lilipohesabu bata mzinga wa asili wa kuzalishia kwa watotoleshaji, lilipata 1,335 tu, nchi nzima. Wakaweka masharti matatu ya kumwita ndege wa urithi: apandane mwenyewe, aishi na kuzaa miaka mingi nje malishoni, na akue taratibu, afikie soko karibu wiki ya 28. Jike wao huzalisha miaka mitano hadi saba.

Nilipolisoma hilo nilimkumbuka babu wa Maji ya Chai. Ana vitu vyote vitatu uani kwake na hakuna aliyewahi kumhesabu.

Sharti la nne ningeliongeza mimi: jike alale kwenye mayai. Mashine ikiangua kila kizazi, hakuna anayemjua aketiye na atorokaye, wote wanazaa sawa, na baada ya vizazi vichache uwezo ule unafifia. Pete za miguuni nimezivisha kwa sababu hiyo: buluu kwa watoto wa Doa, njano kwa wa Kijivu.

Madume ni 5, majike 7.

Novemba 8

Nimepanda tena Maji ya Chai na dume mmoja wa pete ya buluu ndani ya tenga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mama. Umenirudishia au umeniletea?"

Nimemwambia nimemletea. Sitaki baba awapande binti zake, na yeye naye ana madume wa ndugu wamoja. Akamshika kijana wangu, akambonyeza kifua, akamfungua bawa, akamtazama miguu muda mrefu. Kisha akanitolea dume wa koo la shemeji yake, mweusi mtupu, mwenye kishungi cha nywele kifuani urefu wa kidole. Hatukupeana shilingi. Nilipomsimulia usiku wa siafu alisema bibi yake Doa naye alikuwa hivyo hivyo, aliwahi kuungua mkia jiko la nje lilipoangukia kiota. Nimeyaandika hayo kwenye ukurasa wa Doa.

Dume wa zamani nimemtenga.

Desemba 20

Madume 4 waliobaki wamenunuliwa kwa ajili ya Krismasi, kilo 7 na zaidi kidogo, shilingi 90,000 kila mmoja. Watatu wamechukuliwa na watu wa hapa hapa, mmoja na mpishi wa hoteli ya mjini ambaye alirudi siku ya pili kuuliza kama wapo wengine. Fedha imelipa chakula cha tangu Aprili, chanjo, na nusu ya mabati. Bado sijarudisha gharama yote ya banda.

Shaba ameondoka pia. Nimemuuzia mama mmoja mwenye mashine ya kutotolesha, nikamweleza wazi kwamba ni mtagaji hodari asiyeatamia. Alifurahi, ndiye aliyekuwa akimtafuta. Alipopandishwa kwenye pikipiki na zile rangi zake nilimtazama mpaka kona.

Mmoja wa majike wa buluu, mweusi mwenye doa moja jeupe bawani, ametaga yai la kwanza tarehe 12. Karibu wiki 33.

Januari 5

Huyu wa doa bawani haingii bandani kutaga. Anakwenda chini ya mkahawa wa mwisho, pale pale. Kibanda nilishakibomoa Mei, hakuna kilichobaki ila udongo uliokolea majivu. Sikumzuia. Nimerudisha wavu, nimemwaga majivu mapya shubiri tatu, na kila jioni nabadilisha yai lake kwa la mbao, na sikai na yai lililozidi siku kumi.

Januari 8

Mayai 9 amerudishiwa jana usiku. Leo hajashuka kunywa hadi saa tisa alasiri, akanywa haraka, akajisaidia, akarudi mbio. Mama mkwe amepanda peku kumtazama, amemsogezea mkono karibu na kifua, akadonolewa. Akacheka akaurudisha mkono, akasema, "Huyu ni yule."

Siku 28 zitaishia Februari 4, jua kali bado, mwezi mzima kabla ya masika.